Mwanangu Alimsimamisha Mama Zawadi Mbele ya Watu

Nina miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na ninaishi Kasongo. Nilizaliwa upande wa Kabambare, nikaletwa huku kuolewa nikiwa msichana ambaye hajui hata kutwanga vizuri sombe, majani ya muhogo. Nina watoto wanne. Wa kwanza ni Justin, na ndiyo maana watu wote wananiita Mama Justin.

Zamani nikiitwa hivyo nilikuwa nageuka haraka, meno yote nje. Siku hizi nikiitwa moyo unaniuma... Ndugu wasomaji, nivumilieni. Ninayoyaeleza hapa ni ya mtoto niliyemzaa mwenyewe, na mama kumsema mwanawe mbele ya watu si jambo jepesi.

Nianze na Mama Zawadi. Yeye pia alitoka Kabambare, akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulikutana kwenye chemchemi, nikamsikia akiutukana mtungi wake kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, nikacheka hadi nikakaa chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyetutenganisha. Mume wangu alikuwa akisema kwamba ameoa wake wawili na analala na mmoja.

Justin alipozaliwa niliugua vibaya. Homa ilinikausha, maziwa hayakutoka, na mtoto alilia hadi sauti ikapotea. Mama Zawadi alikuwa ananyonyesha binti yake, Zawadi. Alikuja akamchukua wangu, akaweka mmoja kulia na mwingine kushoto. Wiki nyingi alifanya hivyo. Akawa ananitania: "Huyu mutoto ananyonya sawa askari. Baba yake anamulisha nini mu tumbo?" Justin akanenepa. Mimi nikapona. Nimwite nani mtu kama huyo? Rafiki? Ndugu? Neno lenyewe silioni.

Miaka ikapita. Watoto walikua, waume zetu wakafa mmoja baada ya mwingine, na sisi wawili tukaingia kazi kwenye shamba la mpunga la proje moja, yaani mradi wa kilimo, nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Kabambare. Tulikuwa wanawake wengi. Msimamizi wetu alikuwa Kapita Ramazani, mzee mwenye sauti ya kukwaruza na ubahili wa chumvi usio na mfano. Akigawa chumvi jikoni ungedhani anatoa dhahabu.

Lakini huyo mzee alijua kuongoza watu. Kila asubuhi tulijipanga mstari mmoja, kila mtu na kipande chake cha kupalilia. Wenye nguvu walikaa pembeni, wagonjwa na wenye mimba wakakaa katikati. Aliyemaliza kipande chake hakwenda kukaa kivulini. Aligeuka, akaingia kwenye kipande cha mwenzake aliyechelewa, akalima akielekea kwake mpaka majembe yao yakutane. Hilo tuliliita kumpokea mtu, kama unavyompokea mtu mzigo njiani. Tulitoka shambani wote pamoja, tukiimba, na Kapita mwenyewe alichukua kipande chenye mawe ambacho hakuna aliyekitaka.

Alijua mtoto wa nani anaumwa. Ukifiwa, anakuja kwenye matanga, anakaa chini kama wengine, na hasemi sana. Mimi nilimtukana mara nyingi kwa sababu ya chumvi yake, lakini sikukosa kazi hata siku moja. Hakuna aliyekosa. Nani angetaka mstari utoke bila yeye?

Mama Zawadi alikuwa na mguu unaovimba, na damu yake ilikuwa inapanda, ugonjwa ambao huku tunauita tansio. Alikaa katikati, mimi kando yake. Mimi ndiye niliyempokea karibu kila siku, na yeye akawa ananilipa kwa maneno ya kunichekesha. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Kisha Kapita Ramazani akazeeka, macho yakamchoka, na proje ikaleta mkubwa mpya. Mnajua ni nani? Justin wangu! Mtoto niliyemsomesha Kindu kwa karanga na mawese, amemaliza masomo ya kilimo, analetwa kuongoza shamba la nyumbani kwao. Nilipiga vigelegele hadi koo likauma. Mama Zawadi alichinja kuku wake wa pekee. "Mutoto yetu amekuwa shefu," alimwambia kila mpita njia, hata wale wasiouliza.

Siku ya kwanza Justin aliniita pembeni, akasema kwa upole: "Mama, ku kazi uniite shefu." Nilicheka, nikakubali. Niliona ni haki yake. Mtu akipewa kiti, akikalie.

Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya viongozi. Huko walimfundisha kwamba mfanyakazi akionekana na kusifiwa anaongeza bidii, na hilo sikatai hata leo. Basi akaweka mashindano. Kila Jumamosi anayemaliza wa kwanza anapewa sabuni na chumvi, na mwisho wa mwezi mshindi anapewa kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga. Na yule wa mwisho anaitwa mbele ya wote, asimame, ili aone haya na wiki inayofuata ajikaze.

Sitadanganya. Mwanzoni ilienda vizuri. Shamba lilipaliliwa haraka kuliko zamani, wakubwa wa proje walioko Kindu wakampigia Justin simu ya kumsifu, na mimi mwenyewe nilikitamani kile kikwembe. Kilikuwa cha rangi ya majani, chenye ndege. Nilishajiona nimekivaa kanisani.

Lakini baada ya muda niliona nyimbo zimekufa. Mtu hana pumzi ya kuimba anaposhindana na jirani yake. Mawifi wawili waligombana juu ya mpaka wa kipande, mmoja akamtupia mwenzake udongo usoni. Wanawake wakajifunza kukata majani juu juu na kuacha mizizi ardhini, maana anayechimba mizizi anachelewa. Kwa macho shamba lilikuwa safi. Chini yake nyasi zilikuwa zinangoja mvua tu.

Na hakuna tena aliyegeuka kumpokea mtu... isipokuwa mimi. Ningewezaje kumwacha Mama Zawadi? Nilimaliza kipande changu, nikarudi kwake.

Justin aliniona. Akaniita tena pembeni, safari hii bila upole. Alisema ninamvurugia mpango, hawezi kujua nani anafanya kazi na nani anabebwa. Nikamweleza habari ya mguu, nikamweleza tansio. Akajibu kwamba nikiendelea kumbeba hatajikaza kamwe. Kesho yake akanitoa kwenye mstari, akaniweka jikoni kupika bugali ya wafanyakazi. Mbele ya watu alisema mama yake amezeeka, apumzike.

Wenzangu walifikiri nimependelewa. Kazi ya kivulini, karibu na chungu! Niliona midomo ikipinda. Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu amenifunga mikono? Nilikoroga bugali, na machozi nikayasingizia moshi.

Jumamosi ile ikafika. Justin aliita mshindi, akampa sabuni. Kisha akaita wa mwisho, na jina lililotoka lilikuwa la Mama Zawadi. Alikuja mbele taratibu, mguu umefungwa kitambaa. Alitengeneza kilemba chake, akatabasamu, kama vile mtoto anamtania na yeye anakubali utani. Justin akawaambia watu: "Huyu ndiye anaturudisha nyuma sisi wote."

Msichana mmoja akacheka kidogo, kwa woga nadhani. Mama Zawadi aliendelea kutabasamu, lakini niliona mikono yake imeshika kikwembe kiunoni kwa nguvu. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nilitaka ardhi inimeze.

Watu walipotawanyika nilimfuata Justin. Nilimwambia kwamba mwanamke yule alimnyonyesha, kwamba mwili alionao leo umeanza kwa maziwa yake. Aliniangalia kama mtu aliyechoka. Akasema: "Mama, ku kazi hapana mama. Nikianza kuangalia ndugu, nitaongoza nani?"

Ndugu wasomaji, hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana neno lake lilikuwa na ukweli ndani yake. Tumeona wakubwa wanaojaza ofisi kwa wapwa na mashemeji, na kazi inaoza. Justin hakutaka kuwa hivyo. Lakini je, ni lazima mtu asiyependelea ndugu awafanye watu wote wageni? Kapita Ramazani hakumpendelea ndugu yake yeyote. Aliwafanya wote ndugu.

Nilimsihi Mama Zawadi aache kazi. Nilimwambia tutalima shamba langu dogo pamoja, tutakula tutakachopata. Akakataa. "Nikiacha, watu watasema mutoto yetu ndiye alinifukuza. Jina yake itaharibika. Wacha nijikaze kidogo."

Mnaona? Yeye aliyeaibishwa ndiye alikuwa akilinda jina la aliyemwaibisha.

Akajikaza. Akawa anatangulia shambani kabla ya wengine. Akafanya na jambo jingine ambalo sikulijua hadi binti yake aliponieleza baadaye. Dawa yake ya tansio ilikuwa inamfanya akojoe mara kwa mara, na kila akienda porini na kurudi wenzake wamempita. Basi akaacha kuimeza. Aliificha ndani ya kopo la majani ya chai ili Zawadi asimgombeze.

Siku ile jua lilikuwa kali. Mstari ulitoka shambani mmoja mmoja, kila mtu akikimbilia kwenda kupimiwa kipande chake. Mimi nikaanza kupakua chakula. Nikaita, nikaita, sahani ya Mama Zawadi ikabaki mkononi mwangu. Nikauliza: "Mama Zawadi iko wapi?"

Wakaangaliana. Aliyelima kulia kwake alidhani ametangulia. Aliyelima kushoto alidhani amepumzika. Wote walikuwa wameinama kwenye vipande vyao, na hakuna aliyegeuza shingo. Ningemlaumu nani kati yao? Walifanya kile walichofundishwa.

Tulimkuta amelala kwenye kipande chake, jembe chini ya tumbo, mdomo umevutwa upande mmoja. Alikuwa bado anapumua. Alinitazama, akajaribu kusema kitu, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Tulimbeba, tukapata pikipiki, tukamfikisha hospitali. Hakuiona asubuhi.

Mama Zawadi wangu...

Ndugu zake wa Kabambare walipopata habari walitaka azikwe kwao, na ilikuwa haki yao. Wanawake wa shamba wakaenda pamoja kwa Justin kuomba gari la proje. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, gari lingepita. Aliwapokea amesimama mlangoni. Akasema gari la proje halibebi maiti mpaka Kindu watoe ruhusa, na kwamba ameshawaandikia, wangoje.

Maiti inangoja? Kwa joto lile?

Gari lilikuwa pale pale, limeoshwa, linang'aa. Wanawake walilitazama, wakamtazama yeye, wakaondoka. Mimi nilibaki. Nilimpigia mwanangu magoti, mimi niliyemzaa. Nilimwambia atoe gari, na kama watamfukuza tutalima. Akageuza uso, akasema nisimwongezee mzigo.

Basi Mama Zawadi alirudi kwao juu ya pikipiki. Walimfunga kwenye mikeka na vikwembe, wakamlaza juu ya mianzi nyuma ya dereva. Mimi nilipanda pikipiki ya pili, nikamfuata. Ninyi mnaoijua njia ya Kabambare mnajua mashimo yake na madaraja yake ya magogo. Kila pikipiki ilipodunda, mianzi ililia, na mimi nilisema samahani. Nilisema samahani njia nzima, kama mwenda wazimu.

Kwenye matanga tulikaa chini. Kapita Ramazani alikuja, macho haoni vizuri, ameshikiliwa na dereva wa pikipiki. Hakuwa na cheo tena, hakuna aliyemtuma. Alikaa kwenye mkeka wa wanaume, akauliza chakula kimefika kwa wachimba kaburi au bado. Nilipomwona nililia upya.

Watu walikuwa wanangoja mmoja tu. Kila pikipiki iliposikika mbali, vichwa viligeuka. Tulishazika, na matanga yalikuwa yanakaribia kuvunjwa, ndipo dereva mmoja akafika na gunia la mchele, na salamu kutoka kwa shefu Justin. Amezuiwa na kazi, anatoa pole.

Kaka mkubwa wa Mama Zawadi alisimama, akaligusa lile gunia kwa mguu, polepole, bila hasira. Akamwambia dereva: "Muchele tuko nao. Sisi tunalima muchele. Tulikuwa tunangojea mutu." Gunia likafungwa tena kwenye pikipiki, likarudi lilikotoka. Mimi nilijifunika uso kwa kikwembe changu. Nilikuwa mfiwa, na nilikuwa mama wa mtu aliyerudishiwa mchele.

Niliporudi Kasongo nilimkuta Justin nyumbani kwake, hajala. Aliniambia ruhusa ya gari ilifika, baada ya sisi kuzika. Kisha akalia. Alisema aliogopa. Alisema huko juu wanampima kama yeye anavyotupima sisi, na akikosea atasimamishwa mbele ya wakubwa wenzake. Nilimshika kichwa nikambembeleza, maana ni mwanangu. Lakini nilimwambia aende Kabambare akakae na wale watu, hata siku moja. Akasema atakwenda.

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyefika shambani. Hapakuwa na mgomo wala kelele. Wanawake walikwenda tu kwenye mashamba yao wenyewe. Justin akaongeza zawadi, akatangaza vikwembe viwili badala ya kimoja. Wapi! Mvua zikaanza, na mizizi yote iliyoachwa ardhini ikaamka. Nyasi ziliumeza mpunga hadi hukujua kama palikuwa shamba. Proje ikafunga, na Justin akahamishiwa mbali, kwenye kazi kubwa zaidi. Ndiyo, kubwa zaidi. Dunia hii ina mambo yake.

Na mimi? Mimi nilibaki na majirani.

Msimu ulipofika nilifanya kama tunavyofanya huku. Nilipita nyumba kwa nyumba nikaomba watu waje siku moja kunisaidia shamba langu, nami nitawapikia. Wote waliitika vizuri. Nilipika bugali, sombe iliyojaa mawese, na samaki aliyetoka mtoni Nyangwe. Nikatandika majani, nikangoja. Jua likapanda, samaki akapoa, nzi wakaja. Hakuna mtu aliyekuja.

Zawadi ndiye aliyepita njiani, jembe begani, anakwenda shamba la mwingine. Aliona vyungu, akaniona mimi. "Jambo, Mama Justin," aliniamkia kwa heshima zote, akaendelea na safari. Simlaumu. Ningekuwa yeye, hata hiyo jambo nisingeitoa.

Juzi Justin alinipigia simu. Alikuwa na furaha, amepewa watu wengine wengi wa kuongoza. Nilimuuliza wanaitwa nani. Akacheka, akasema: "Mama, iko wengi." Nikamuuliza kama amekwenda Kabambare. Akasema akipata likizo.

Wasomaji wenzangu, wewe uliyepewa watu, iwe shambani, ofisini, au kwenye chumba cha wagonjwa, nakusihi kama mama. Toa sabuni, toa vikwembe, sifu anayestahili, hayo yote ni mazuri. Lakini usimsimamishe mtu ili wengine wamcheke, maana siku hiyo unawafundisha wote kutotazamana. Mtu hajikazi kwa sababu ya kikwembe. Anajikaza kwa ajili ya anayejua kwamba mguu wake unauma. Na akifiwa, au akifa, nenda mwenyewe. Usitume gunia. Na wewe mama uliyesomesha mtoto ukamwona anakalia kiti, usishangilie tu kama nilivyoshangilia mimi... Muulize anawafanyia nini watu wake.

Justin, mwanangu, kama haya yatakufikia, mimi bado ni mama yako. Mvua zimekwisha, njia ya Kabambare inapitika. Kaka yake Mama Zawadi yuko hai, na mpaka leo anakungojea.